Mausi Isiyo na Mkia

Kila ofisi ina mtu wake anayejua kompyuta, na mara nyingi si kwamba anajua, ila alikuwa wa kwanza kusema anajua. Katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo tunayoizungumzia hapa, mtu huyo alikuwa afisa wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono, ambaye wenzake walimwita Zima Washa. Jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Mashine ya mtu ikigoma, aliitwa, akaja polepole, mikono nyuma, akaitazama kwa huruma, kisha akatoa dawa yake: "Zima. Halafu washa." Ikikubali, sifa zote zake. Ikikataa, alitikisa kichwa akasema mashine imechoka, akarudi zake chumbani, na kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui kusema sijui. Neno hilo lilimkwama kooni tangu utotoni, na kadiri alivyopanda vyeo ndivyo lilivyozidi kushuka tumboni, mpaka likapotelea huko. Ukimwuliza njia ya kwenda mahali asipopajua, atakuelekeza, na utapotea kwa maelekezo yaliyonyooka kabisa. Mkewe alikwisha mzoea. Alipotaka kujua jambo la kweli, aliuliza jirani.

Ofisi yenyewe ilikuwa na desturi moja iliyofuatwa kuliko sheria zote zilizobandikwa ukutani. Kompyuta mpya ikiletwa, haikupewa mwenye kazi nyingi. Ilipewa Mkuu, aliyeitumia kusomea magazeti. Ya Mkuu ikashuka kwa Zima Washa, aliyekuwa anamfuata. Ya Zima Washa ikashuka kwa dada wa dirishani, na ya dada wa dirishani ikaenda stoo kufia huko. Nguo za watoto wa nyumba moja hurithiwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba watoto hukua. Kwa desturi hiyo, dada wa dirishani, ambaye ndiye aliyeandika vyeti vyote vya mji, siku zote alifanya kazi na mashine iliyokwisha chosha watu wawili.

Usimhurumie haraka huyo dada. Naye alikuwa na jina lake, Kesho Njoo, na naye hakuliokota njiani. Mama mwenye mtoto mgongoni akifika dirishani asubuhi na mapema na karatasi zake zote, Kesho Njoo alizipokea, akazipanga, akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha. "Kesho njoo." Hakuwa na chuki na mtu. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba kila jambo hufanyika vizuri zaidi kesho, likiwemo lile lililoshindikana jana kwa sababu aliliahirisha juzi. Alipoamua kufanya kazi, alifanya haraka na bila makosa, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi.

Sasa, kompyuta zilishuka, lakini mausi haikushuka. Mausi ilikuwa ya mtu. Na ya Zima Washa ilikuwa habari nyingine. Nyeusi, haina waya, tumboni inatoa mwanga wa buluu. Aliletewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, anayeuza vifaa vya ofisi mji mwingine. Siku alipoileta, shemeji alipita ofisini akaifunga mwenyewe, huku Zima Washa yuko nje akimwagizia soda. Aliporudi alikuta mshale unatembea kwenye kioo bila waya wowote, akatikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia hilo. Tangu siku ile, mausi zenye waya aliziita zenye mkia. "Hizo za mkia ni za watu wa dirishani," alisema. Jioni aliifunga yake kwenye leso safi, akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akauning'iniza ufunguo huo kwenye mshipi.

Kitu ambacho hakukijua, nacho ndicho kilichomtoa jasho, ni hiki. Shemeji alipofunga ile mausi alichomeka nyuma ya kompyuta kidude kidogo kisichozidi punje ya mahindi. Kidude hicho ndicho masikio ya mausi. Kilipo chenyewe, hapo ndipo mausi inapotii, na kisipokuwapo unaweza kuisukuma mpaka ukatoboa meza. Basi ilipokuja kompyuta mpya ya Mkuu na mashine zikaanza kushuka ngazi, Zima Washa alisimamia uhamisho kwa mikono yake. Alichomoa nyaya za umeme, akachomoa za kioo, akachomoa za mtandao, akapuliza vumbi. Kidude akakiacha palepale. Hakuwahi kukiona. Kompyuta yake ya zamani ikavuka ukuta wa plaiwudi, ikatua kwenye meza ya Kesho Njoo, na kidude kikavuka nayo. Mausi ya mkia ya Mkuu, aliyeiacha kwa kuwa mashine mpya ilikuja na yake, akampa Kesho Njoo pia, kwa ncha za vidole.

Yote haya yangekuwa mchezo, lakini kulikuwa na nafasi. Nafasi ya Msaidizi wa Mkuu ilikuwa imetangazwa, na maombi yalikuwa yanatumwa kwa kompyuta, kwenye mfumo wa makao makuu. Mfumo unafungwa saa kumi alasiri, siku iliyofuata ile ya kuhamisha mashine. Zima Washa aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na wote walijua. Nyumbani mkewe alikwisha badilisha mapazia ya sebuleni kwa ajili ya wageni watakaokuja kutoa hongera. Mtaani muuza duka alikwisha anza kumwita Msaidizi, naye alikuwa akiitika.

Asubuhi hiyo ya mwisho mkewe alimwuliza akiwa anamfunga kifungo cha shingo, "Umeshatuma?"

"Natuma leo."

"Leo si ndiyo mwisho?"

"Mtu kama mimi hatumi mapema. Ataonekana ana njaa."

"Na una njaa," mkewe akasema, akampa mkoba wake.

Alifika ofisini, akapita dirishani, ambako foleni ilikwisha fika mlangoni. Kesho Njoo alikuwa akiitazama mashine yake mpya, maana kwake ilikuwa mpya.

"Kaka, asante kwa kompyuta. Hii angalau inawaka siku hiyohiyo."

"Itunze," akasema Zima Washa. "Hiyo imefanya kazi nzito."

"Unajua juzi nimejaza yale maombi? Ya usaidizi. Nimeyajaza yote. Kutuma ndiyo naogopa."

Zima Washa alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Dada yangu, usijisumbue. Yaache hapohapo yawe kumbukumbu. Makao makuu wanamjua wanayemtaka."

"Ndiyo maana nimesema nitatuma kesho."

"Hapo umenena," akasema, akaenda zake chumbani, roho yake kwatu.

Aliketi mbele ya mashine ya Mkuu. Kiti alikipandisha kidogo, kiendane na mashine. Akatoa mausi kwenye leso, akaiweka mezani, akaisukuma kulia. Mshale haukwenda. Akaisukuma kushoto. Mshale ulikuwa katikati ya kioo, umetulia tuli.

Akazima. Halafu akawasha.

Mshale ukarudi palepale katikati, ukamtazama.

Sasa utadhani kwamba mtu mwenye dawa moja tu hana la pili dawa ikigoma, lakini Zima Washa alijitahidi, tumpe haki yake. Aligeuza mausi, mwanga wa buluu ukamwangaza usoni, kwa hiyo uhai ilikuwa nao. Akatoa betri ya saa ya ukutani akaipachika, na tangu hapo saa ya chumba chake ikasimama, jambo litakalomgharimu baadaye. Akaipangusa tumbo kwa spiriti. Akaihamisha kutoka kwenye kioo cha meza akaiweka juu ya faili, kutoka kwenye faili akaiweka juu ya goti. Mwishowe aliiinua juu akaitikisa karibu na sikio, asijue anategemea kusikia nini.

Kila alipoisukuma, upande wa pili wa plaiwudi kulitokea minong'ono. Kesho Njoo alikuwa akimwandikia mama mmoja cheti cha mtoto.

"Dada," ilisikika sauti ya yule mama, "mwanangu ni wa kiume."

"Najua, si nimeweka wa kiume?"

"Hapo umeweka wa kike."

"Mimi sijaweka. Ngoja. Haya, wa kiume." Zima Washa akasukuma mausi kwa hasira, akabofya mara kadhaa. Kesho Njoo akaguta: "Jamani, kimerudi cha kike. Hiki kitu kinatembea chenyewe."

Zima Washa alisikia yote, na yalimburudisha kidogo katikati ya shida zake. Alijiambia kwamba ndivyo inavyokuwa mashine nzuri ikimwangukia mtu asiyejua kuitumia. Haikumpitia kichwani hata chembe kwamba mtoto wa watu alikuwa akibadilishwa jinsia na mkono wake yeye.

"Kaka," Kesho Njoo aliita kupitia plaiwudi, "hii kompyuta yako ina mambo. Mshale unakimbia kimbia."

"Zima," akajibu bila kufikiri. "Halafu washa."

Akazima. Na kwa kuwa wakati huo Zima Washa alikuwa amenyamaza akiwaza, ilipowaka ikatulia. Kesho Njoo akashukuru. Sifa zikawa za Zima Washa tena, wala hajawahi mtu kupewa sifa asizostahili kiasi hicho.

Njia ilikuwapo moja rahisi, nayo ilikuwa stoo. Mausi ya mkia, ile iliyokwenda stoo na mashine ya zamani ya dada, ilikuwa kwenye kreti pale mlangoni. Lakini Zima Washa mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu kwamba mtu asipewe mausi stoo mpaka aeleze mbele ya mtunza stoo jinsi alivyoiharibu ya kwanza. Aliuweka kwa sababu alichoshwa na wazembe. Mtunza stoo, mzee mwenye kumbukumbu ndefu, aliwahi kusimamishwa na kuelezwa utaratibu huo mbele ya watu, na tangu siku ile alikuwa akimsubiri mwenye utaratibu aje. Zima Washa aliliwaza hilo, akaona bora afe.

Akampigia simu shemeji yake.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri tu, shemeji. Dada hajambo?"

"Hajambo. Sikiliza, ile mausi inaleta ukaidi kidogo."

"Betri?"

"Mpya."

"Kuna swichi hapo tumboni, isije ikawa imezimwa."

"Shemeji, mimi si mtoto."

"Samahani. Kompyuta ni ileile?"

"Hapana, sasa hivi natumia ya Mkuu," akasema, akiinua sauti kidogo, maana mlango ulikuwa wazi.

"Ahaa, hongera. Kwa hiyo kile kidude ulikihamisha?"

Hapo ndipo palikuwa pa kuponea. Maneno mawili tu, kidude kipi, na shemeji angemweleza, na angevuka ukuta wa plaiwudi, akakichomoa, akatuma maombi yake, na leo tungekuwa tunasimulia habari za mtu mwingine. Zima Washa alifungua mdomo.

"Kitambo," akasema.

"Basi kama kidude umehamisha, hapo mimi sina la kusema. Huenda imekufa. Nikija nitakuletea nyingine."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi," akasema Zima Washa, akakata simu. Akaketi akiwaza kidude ni kitu gani. Aliangalia chini ya meza, akaona nyaya. Akaangalia ndani ya leso. Kisha akajiridhisha kwamba shemeji yake siku hizi amekuwa na maneno mengi.

Mchana foleni ilipopungua, alikata shauri kwenda kwa Kesho Njoo. Hakwenda kuomba msaada, usimfikirie hivyo. Alikwenda kukagua ile mashine iliyolalamikiwa. Mausi yake aliibeba mkononi, kwa sababu hashiki mausi za mkia, na flashi yenye barua ya sifa zake alikuwa nayo mfukoni, kama ikitokea.

"Hebu nipishe," akasema. Kesho Njoo akasimama. Zima Washa akaiweka mausi yake mezani, akaisukuma bila matumaini, na mshale ukaenda kulia. Akaisukuma kushoto, ukaenda kushoto. Akauzungusha mshale kioo kizima, ukamfuata kila alikoutaka.

"Umeona?" akasema taratibu. "Nimeitengeneza."

"Umetengeneza ipi, kaka? Yangu au yako?"

"Zote mbili."

Mtu mwenye akili za kawaida angeketi hapohapo akamaliza shida yake. Flashi alikuwa nayo, mfumo ulikuwa wazi, na Kesho Njoo alikuwa amesogea pembeni anakula karanga. Lakini kulikuwa na watu watatu wanne wameegemea dirisha wakimtazama, na yeye hakuweza kuivumilia picha hiyo, ya Msaidizi wa Mkuu kuomba usaidizi kwenye meza ya dirishani, juu ya maganda ya karanga. Barua kama ile ilitakiwa itoke kwenye mashine ya Mkuu. Akachukua mausi yake iliyopona, akarudi chumbani akitembea kifua mbele.

Pale ikafa tena.

Nisikuchoshe na safari zake. Alikwenda tena kwa Kesho Njoo kwa kisingizio cha kalamu, mausi ikafanya kazi. Akarudi kwake, ikagoma. Akaanza kuishuku mashine ya Mkuu, halafu akamshuku Mkuu mwenyewe, kwamba huenda amempa mashine mbovu ili asitume. Kisha akamshuku Kesho Njoo, kwamba ameifanyia jambo, ingawa hakuweza kusema jambo gani wala lini. Jasho lilianza kumtoka mgongoni, na ile pasi yote ya asubuhi ikaharibika. Aliiogopa sana saa kumi, akaitazama saa ya ukutani kila mara, na kila mara alikuta bado kuna muda wa kutosha.

Mwisho alipandwa na hasira. Aliiweka mausi katikati ya faili, akaishika imara isitetereke, akaanza kuibofya. Hakuisukuma popote. Aliibofya tu palepale, kidole kimoja, tena na tena, meno yameumana, mtu anavyogonga mlango wa nyumba aliyo na hakika kwamba wenyewe wamo.

Upande wa pili kiti kiliburuzwa sakafuni.

"Imekwenda," ilisema sauti ya Kesho Njoo, chinichini.

Zima Washa aliacha kubofya. "Nini imekwenda?"

"Hakuna kitu, kaka."

Akadhani ni cheti. Akazima, akawasha kwa mara ya mwisho, kisha akatazama simu yake, si ile saa ya ukutani, akakuta saa kumi imefika. Alitoka mbio, mausi mkononi, flashi mdomoni, akamkuta Kesho Njoo amesimama mbali na meza yake, mkono shavuni, anaiangalia kompyuta.

"Nipishe, nipishe, nina jambo la haraka."

Akaketi. Mausi ikatii papo hapo. Akafungua mfumo, nao ukafunguka vizuri, kurasa nzuri zenye rangi, na katikati pameandikwa kwa adabu kwamba muda wa kupokea maombi umekwisha na kwamba makao makuu yanawashukuru wote walioomba. Alisoma mara mbili. Maganda ya karanga yalikuwa bado yapo mezani. Aliona haya, aliona uchungu.

"Vipi, kaka?" akauliza Kesho Njoo.

"Mfumo una shida," akasema.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba ametuma. Siku zilivyopita akaanza kuamini kwamba hata asipotuma watamwita, maana wanamjua. Katika ofisi ile nani mwingine angeomba? Alilala vizuri kwa hoja hiyo mpaka siku Mkuu alipowakusanya wote kwenye korido, akavaa miwani, akasoma karatasi kutoka makao makuu. Makao makuu walikuwa wamepokea kutoka ofisi ile maombi ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na sifa zote zinazotakiwa, na wamefurahi kumteua. Mkuu akainua macho na kumpa mkono Kesho Njoo, ambaye aliupokea kwa mikono miwili na uso wa mtu aliyeshikwa na polisi.

"Yako sikuyaona," Mkuu alimnong'oneza Zima Washa baadaye.

"Mfumo ulikuwa na shida, bosi."

"Nilijua tu," akasema Mkuu, naye akasikitika kwa dhati, kwa sababu katika nchi nzima hakuna aliyewahi kuuomba mfumo ujitetee.

Desturi ikafuatwa. Safari hii mashine zilikaa, watu wakahama. Kesho Njoo, ambaye sasa ndiye aliyemfuata Mkuu, akapanda kwenye chumba cha Zima Washa chenye mlango, kwenye mashine iliyokuwa ya Mkuu, na Zima Washa akashuka dirishani, kwenye kompyuta yake ya zamani. Aliingia asubuhi na mausi yake ndani ya leso, akamkuta dada bado anakusanya vitu vyake kwenye mfuko. Foleni ilikwisha anza. Akaiweka mezani, akaisukuma, na mshale ukaenda.

"Hiyo nayo," akasema Kesho Njoo, "huko kwako inagoma, hapa inacheza. Inapenda dirishani."

Alikusudia utani, lakini ulimwingia.

"Kaka, nikwambie kitu, usinicheke," akasema, sasa amepunguza sauti, na akaegemea meza. "Mimi sikutuma yale maombi."

"Ulituma, dada. Umeteuliwa."

"Sikutuma mimi. Siku ile, baada ya wewe kuondoka na kalamu yangu, nikaufungua ule ukurasa nijitazame tu. Nikaweka mshale pale penye Tuma. Nikaogopa. Nikasema nitatuma kesho. Nikatoa mkono kabisa, kaka, nikashika tama, na ile mausi ya mkia iko pale, hakuna aliyeigusa. Mara kitufe kikajibonyeza. Chenyewe. Tena na tena, kama mtu ana hasira nacho. Nikaona imekwenda." Akamtazama. "Nimeshindwa hata kumwambia mama yangu. Utaniambia ni nini hicho? Wewe ndiye unayejua kompyuta."

Zima Washa alikuwa bado ameshika mausi yake. Alikumbuka kidole chake. Alikumbuka kiti kilivyoburuzwa, na neno lile moja, na simu ya shemeji, na jibu alilompa, kitambo. Taratibu akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akajivuta kitambi na shati lake la pasi mpaka nyuma ya kompyuta, katikati ya vumbi ambalo yeye mwenyewe alilipuliza siku ile likahamia pembeni. Na hapo, kati ya nyaya, akakiona. Kidogo, cheusi, hakizidi punje ya mahindi.

"Hebu sukuma hiyo mausi yangu," akasema kutoka chini.

"Inakwenda."

Akakichomoa. "Na sasa?"

"Imekufa."

Akakichomeka tena.

"Imefufuka. Kaka, umefanya nini huko?"

Alikaa kwenye sakafu na kidude kile mbele ya macho yake, akawaona makao makuu wakisoma maombi aliyoyatuma yeye, kwa kidole chake, kwa nguvu zake zote, ya mtu mwingine. Ilimuuma mahali ambapo hata hasira haikufika. Angeweza kumwambia. Ilikuwa haki yake dada kujua kwamba hakuna jini wala malaika aliyemteua, ni jirani yake tu nyuma ya plaiwudi, akigombana na kifaa. Lakini kumwambia hilo kungekuwa pia kusema lile lingine, lile neno lililompotelea tumboni, na alipolitafuta hakulikuta.

"Ni nini basi?" akauliza Msaidizi wa Mkuu.

"Mashine imechoka," akasema Zima Washa. "Nenda tu chumbani kwako, dada. Mambo ya huku niachie."

Akasikia anachukua mfuko wake, akasikia mlango wa kile chumba unafunguliwa na kufungwa. Yeye akabaki palepale chini, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Juu kwenye dirisha mama mmoja aligonga kioo kwa funguo, mtoto wake akilia.

"Jamani, hapa kuna mtu?"

"Mfumo una shida," ilijibu sauti kutoka chini ya meza.

Yule mama alitazama kiti kitupu, akatazama kompyuta iliyokuwa inawaka bila tatizo lolote, akahamisha mtoto bega la pili, akaendelea kusubiri.